Saa Zetu na Watoto Wetu Wadogo

(Mazungumzo yaliyosomwa mbele ya wanachama wa tawi, Jumapili asubuhi. Yamepigwa chapa kwa ajili ya ndugu waliokuwa kazini siku hiyo.)



Kamati ya tawi ilituchagua watu watatu, wanaume wawili na mwanamke mmoja, tutayarishe maneno juu ya malezi ya watoto wadogo. Habari hiyo ilipotangazwa mwezi uliopita baadhi yenu mlicheka. Mlisema kwamba chama ni mambo ya mishahara na saa za kazi, na kwamba habari za watoto wachanga ni za nyumbani. Hatukukasirika, maana hata sisi tulicheka kidogo. Lakini tulipokaa kuyaandika maneno haya tuliona kwamba mtoto mdogo ni jambo la saa za kazi kabla hajawa jambo jingine lo lote. Wala msidhani tulichaguliwa kwa kuwa tu mabingwa wa malezi. Tulichaguliwa kwa kuwa kila mmoja wetu ana watoto, na kila mmoja ana jambo lililompita ambalo hatalipata tena.

Tuanze na hesabu, kwa kuwa bandarini tumezoea kuhesabu vitu vinavyoingia na vinavyotoka.

Mchukueni mfanya kazi anayekaa Utange na kufanya kazi Kilindini. Hutoka kwake saa kumi na moja alfajiri ili awahi matatu. Akifanya ovataimu, na bara bara ikiwa imejaa, hufika nyumbani saa tatu usiku. Mtoto wake wa miaka miwili hulala saa mbili usiku na kuamka saa kumi na mbili asubuhi. Basi tangu Jumatatu hadi Jumamosi baba huyu humwona mwanawe amelala. Zimebaki Jumapili, na mwaka una Jumapili 52. Mtoto akitimiza miaka 4 huingia PP1, na tangu hapo mwalimu huwa naye mchana kutwa. Miaka 4 mara 52 ni siku 208, ambazo hazitimii miezi 7. Baba anayesema amekaa na mwanawe miaka minne, kwa kweli amekaa naye miezi saba kasoro. Na ikiwa Jumapili nazo amezitoa kwa kazi, kwa sababu siku ya mapumziko hulipwa maradufu, basi hata hiyo miezi saba ifuteni.

Hatukuileta hesabu hii ili kumwaibisha mtu. Mmoja wetu sisi watatu ndiye mtu huyo wa Utange.

Wapo watakaosema kwamba ndivyo kazi ilivyo tangu zamani. Ni kweli ilikuwa hivyo, lakini haikuanguka kutoka mbinguni. Iliwekwa na watu. Babu zetu waliokuja Mombasa kupakua meli walihesabiwa kuwa ni mikono tu, si watu wenye jamaa. Mshahara ulipimwa kwa tumbo la mwanamume mmoja, na malazi yakapimwa kwa kitanda kimoja. Mke na watoto walibaki Ukambani, au Taita, au Nyanza, na baba alirudi mara moja kwa mwaka na leso mbili na sukari. Mtoto alimjua baba yake kama tunavyomjua mgeni wa sikukuu. Mshahara ule uliitwa wazi wazi mshahara wa kapera, ijapokuwa aliyeupokea alikuwa na mke na watoto wanne.

Januari 1947 wafanya kazi wa Mombasa waligoma kwa zaidi ya siku kumi, na mishahara pamoja na nyumba za kukaa yalikuwa miongoni mwa malalamiko yao. Mwaka 1954 kamati ya serikali iliyoongozwa na Bwana F. W. Carpenter ilitoa taarifa yake juu ya mishahara ya Waafrika. Serikali yenyewe ikasoma katika taarifa hiyo yale ambayo makuli walikuwa wakiyasema miaka mingi, kwamba mshahara wa chini ulipimwa kwa mahitaji ya mtu mmoja asiye na jamaa. Kamati ile ikapendekeza kwamba pole pole upimwe kwa mahitaji ya mtu na jamaa yake. Machi 1955 makuli waligoma tena, na Tom Mboya, aliyekuwa katibu mkuu wa shirikisho la vyama vya wafanya kazi, alishuka kutoka Nairobi kusaidia katika mapatano.

Habari hizi mmezisikia mara nyingi katika mikutano yetu, na huwa twazisema kana kwamba zilikuwa ni habari za shilingi tu. Lakini fikirini. Mtu anayedai mshahara wa mwenye jamaa anadai kwamba mkewe na wanawe wakae naye. Anadai kumwona mtoto wake akinywa uji asubuhi. Hayo ndiyo waliyoyapigania watu wale, na wengi wao hawakuyapata wao wenyewe, maana yalipokuja watoto wao walikuwa wamekwisha kuwa watu wazima.

Na maisha ya kapera hayakwisha kabisa. Tarehe 31 Mei 2017 treni ya abiria ya reli mpya ilianza safari, na baadaye mizigo nayo ikafuata. Makasha mengi yaliagizwa yapelekwe kwa treni hadi Embakasi, na baadhi ya wenzetu waliokuwa wakifanya kazi ya kutoa mizigo hapa wakayafuata. Mwezi wa Septemba 2022 agizo hilo liliondolewa, lakini kwa miaka ile mtu wa Mombasa alikuwa akipanga chumba kimoja Nairobi na wenzake watatu, akipeleka fedha nyumbani kwa simu. Babu yake angeingia chumbani mle angekitambua kitanda.

Mmoja wetu alikuwa huko. Alipoondoka binti yake alikuwa na miezi mitano, naye alikuwa akimcheka kila mtu aliyeinama juu yake. Aliporudi kwa ruhusa, mtoto alikuwa na miezi tisa. Baba aliingia mlangoni na mfuko wenye mwanasesere, akafungua mikono, na mtoto akapiga ukelele uliowatoa majirani. Mama alicheka kwanza, kisha akaacha kucheka alipouona uso wa mumewe.

Watu waliomwambia kwamba mtoto ana tabia mbaya, au kwamba ameona kitu kibaya, walikosea. Wauguzi wa kliniki watawaambia kwamba mtoto akifika karibu na miezi minane huanza kutambua nani ni wake na nani si wake, na asiye wake humwogopa. Ni dalili ya akili yake kukua. Mtoto yule alikuwa mzima kabisa. Alikuwa anasema ukweli kwa njia pekee aliyokuwa nayo, kwamba mtu huyu hamjui.

Ruhusa yake ilikuwa ya siku tano tu. Mwanasesere hakufaa kitu. Siku ya kwanza alijaribu kumchukua kwa nguvu, ikawa vibaya zaidi. Mama mkwe wake, ambaye ni mtu wa maneno machache, alimwambia, "Baba, kaa chini, fanya shughuli zako, mwache." Basi siku ya pili akakaa mkekani akamenya viazi. Siku ya tatu alikuwa akichagua mawe katika mchele, na mtoto akaja akitambaa, akakamata kamba ya kiatu chake, akaivuta. Baba hakusogea. Anasema hata pumzi aliizuia. Siku ya nne aliruhusiwa kumlisha uji. Siku ya tano alimwogesha, na siku ya sita alfajiri alipanda basi.

Twawaombeni mwangalie ni kitu gani kilichompatia mtoto wake. Hakuna zawadi hapo, wala safari ya ufukweni, wala nguo mpya. Ni viazi, mchele, uji na maji ya kuoga. Kazi zile zile ambazo wengi wetu wanaume tumewaachia wake zetu kwa kuziona ni ndogo, ndizo mtoto anazozitumia kumjua mtu. Yeye hajui siku kuu ni nini. Anajua ni nani hupoza uji wake kwa kuuzungusha ndani ya bakuli, na ni nani humfunga vifungo vibaya hata kola moja ikawa juu ya nyingine.

Sasa tuwaambieni habari ya shifti ya usiku, maana hiyo inawahusu wengi waliomo humu.

Mwingine wetu alipangiwa usiku kwa miezi mingi mfululizo. Alikaa na jamaa yake katika chumba kimoja Magongo, chumba na pazia katikati. Alirudi asubuhi, akala, akalala. Mke wake aliwatoa watoto nje, akapika uani, akawaambia siku zote, "Nyamazeni, baba amelala." Alifanya hivyo kwa huruma, kwa kuwa mtu anayeendesha mtambo usiku asipolala mchana ataua watu. Jioni moja baba huyu aliamka mapema akachungulia dirishani, akawaona watoto wanacheza kalongolongo chini ya mwarobaini. Mmoja alikuwa mama, anapika mchanga katika kifuniko cha chupa. Wengine walikuwa watoto. Mvulana wake wa miaka mitatu na nusu alikuwa ndiye baba, naye alikuwa amelala juu ya gunia amefunikwa leso mpaka kichwani, hasemi neno. Kila mtoto aliyepita karibu alitembea kwa ncha za vidole.

Mchezo huo ulikwenda vizuri na kila mmoja aliifanya kazi yake barabara. Baba yule alirudi kitandani akaketi, wala hakuweza kulala tena.

Hakwenda kumlaumu mtu. Mkewe hakukosa, watoto hawakukosa, na yeye mwenyewe alikuwa akitafuta ada na kodi ya chumba. Lakini tangu siku hiyo alifanya jambo moja. Akirudi asubuhi, kabla ya kulala, alimchukua mvulana wake wakaenda mpaka stendi na kurudi. Kwa hatua za mtu mzima ni dakika saba. Kwa hatua za mtoto ni nusu saa na zaidi, kwa sababu kuna mtaro wa kurukwa, kuna mbuzi wa jirani, kuna fundi baiskeli ambaye lazima aulizwe anafanya nini, na kuna malori ya kuhesabiwa, na mtoto akifika kumi na tatu huanza tena moja. Baba alikuwa akisinzia wima. Anasema alikuwa akitamani kitanda kama mtu mwenye kiu anavyotamani maji. Hata hivyo asubuhi zile ndizo anazozikumbuka za miaka ile, na zile za kazi zimechanganyika zote zikawa moja.

Akina mama watasema kwamba twamsifu mtu kwa nusu saa ya jambo ambalo wao hulifanya kutwa. Mwenzetu wa kike katika kamati alisema hivyo hivyo, tena kwa sauti kubwa, na akatuomba tuiandike habari yake kama ilivyo.

Yeye alikuwa akifanya kazi katika kiwanda ambacho hatutakitaja. Alipata ruhusa yake ya uzazi ya miezi 3 kwa mshahara kamili, kama Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inavyosema katika kifungu cha 29. (Vijana mjue kwamba sheria ya zamani, ya mwaka 1976, ilitoa miezi 2 tu, na mama aliyeichukua alipoteza ruhusa yake ya mwaka huo.) Miezi mitatu ilipokwisha alirudi kazini. Kliniki ilikuwa imemwambia mtoto anyonye maziwa ya mama tu mpaka miezi 6, bila maji wala uji. Maziwa hayajui kwamba ruhusa imekwisha. Saa nne asubuhi kifua kilijaa hata nguo ikalowa, naye akawa anaingia chooni, anakamua ndani ya kikombe, na kumwaga. Msimamizi alimhesabia dakika. Mwezi ule ule maziwa yakaanza kupungua, na mtoto akaanzishwa uji kabla ya wakati wake.

Alichokililia zaidi si yale maziwa. Alisema kwamba katika miezi mitatu ile, kunyonyesha ndiyo saa pekee aliyokaa chini. Mtoto alikuwa akinyonya huku amemshika kidole kimoja, akimtazama, na mara akaacha kunyonya ili atabasamu, maziwa yakamtoka pembeni mwa mdomo. Hakuna mtu aliyemwambia kwamba saa ile ingekwisha mapema hivyo.

Basi sikilizeni, maana hapa ndipo ujinga wetu ulipotugharimu. Sheria ya Afya ya mwaka 2017, kifungu cha 71 na cha 72, inamtaka mwajiri aweke mahali pa kunyonyeshea au kukamulia maziwa hapo kazini, napo pasiwe choo. Na tena inampa mama nafasi za kufanya hivyo mbali na saa yake ya chakula, nazo zahesabiwa kuwa ni saa za kazi, mradi zisizidi saa 1 kwa kila saa 8. Mwenzetu hakuijua. Wala sisi viongozi wa tawi wakati ule hatukuijua, na hilo twalikiri mbele yenu. Alipokuja mama mwingine kutoka kiwanda kile kile na shida ile ile, tulikwenda na nakala ya sheria mkononi. Mazungumzo yalichukua siku mbili. Leo kuna chumba pale, kilikuwa stoo ya mifagio, kina kiti, pazia na friji ndogo. Mwenzetu alikwenda kukitazama. Watoto wake mwenyewe walikuwa wamekwisha kuwa wakubwa.

Sheria ya 2007 ina jambo jingine ambalo wanaume wengi hulisikia na kulipuuza. Mwanamume aliyezaliwa mtoto anapata wiki 2 za ruhusa kwa mshahara kamili. Sheria ya zamani haikumtaja baba hata kwa neno moja. Tumepitia orodha ya tawi letu, na tunao ndugu wengi ambao hawakuzichukua wiki hizo kabisa. Wengine waliogopa kupoteza ovataimu. Wengine waliona haya. Mmoja wetu alipopeleka barua yake, karani aliuliza kwa sauti ya kusikiwa na wote, "Kwani wewe ndiye uliyezaa?" Watu wakacheka. Akajibu kwamba yeye ndiye aliyesababisha, watu wakacheka zaidi, na karani akapiga muhuri.

Katika wiki zile mbili alichota maji, akafua nepi, akachemsha mchuzi wa pilipili manga, na kumpeleka mtoto wake mkubwa chuoni. Kila asubuhi alimtoa mchanga mlangoni penye mwanga, kwa sababu chumba chao kina giza hata mchana. Siku ya nne, akiwa amesimama pale mlangoni, aliona ngozi na weupe wa macho ya mtoto umekuwa wa manjano. Mama alikuwa ndani amelala, hana nguvu, na kwa taa ile asingeliona hilo. Wakaenda hospitali siku hiyo hiyo. Muuguzi alisema kwamba manjano hutokea kwa watoto wachanga wengi, ila mengine yakiachwa huweza kudhuru ubongo. Mtoto akawekwa chini ya taa maalum siku mbili, akapona. Baba hakufanya uganga wo wote. Alikuwapo tu, anashika mtoto, penye mwanga.

Tungeweza kusema mengi juu ya hatari namna hiyo, lakini hatutaki mdhani kwamba saa ya mtoto ina maana pale tu inapookoa maisha. Saa nyingi haziokoi kitu. Chukueni saa ya kuoga jioni. Beseni liko uani, maji yametiwa moto kidogo, mtoto amesimama amekushika bega. Anauliza maji machafu yanakwenda wapi. Unamjibu, anauliza tena. Mtu aliyechoka husema, "Simama vizuri," na jambo likaisha. Mmoja wetu aliulizwa na mwanawe kama meli nazo huogeshwa. Hapo uchovu ulimtoka, kwa kuwa maishani mwake hakuna aliyewahi kumwuliza neno juu ya kazi yake. Akamweleza kwamba naam, meli hupandishwa kwenye chelezo, ikakwanguliwa mwani na kome waliogandamana tumboni mwake, kisha ikapakwa rangi, ikarudi baharini. Mtoto alisikiliza mdomo wazi. Kesho yake hakukubali kuogeshwa mpaka akwanguliwe kome, na kila kome alilia "Aa!" kwa kucheka. Mchezo huo uliendelea miezi miwili, halafu siku moja mtoto akasema ataoga mwenyewe. Baba hakujua kwamba jana yake ilikuwa mara ya mwisho.

Neno moja juu ya simu, wala hatutalirefusha kwa kuwa sote tuna hatia. Mtoto akianza kutembea siku hizi sisi huinua simu tumpige picha. Picha zipo mia mbili, na ukiulizwa alisimamia wapi, alishika nini, alianguka upande gani, huna habari. Picha moja yatosha, kisha simu iingie mfukoni.

Sasa mzee mmoja wa genge la zamani, tunayemheshimu sana, alitusikia tukiyajadili maneno haya ofisini akasema, "Wanangu, mtoto hashibi kwa kutazamwa." Amesema kweli. Mzee huyu alisomesha watoto sita kwa ovataimu, na hatuna ulimi wa kumwambia alikosea. Kodi ya nyumba haingoji, na unga haununuliwi kwa tabasamu. Hatusemi mtu akatae ovataimu. Saa ya ziada hulipwa mara moja na nusu, na mwenye shida ataichukua. Tunasema kwamba kuna tofauti kati ya saa uliyoiuza na saa uliyonyang'anywa. Ukiambiwa saa tisa mchana kwamba usiku huu hutarudi nyumbani, na ukikataa kesho jina lako halimo katika orodha, huko si kuuza. Na ukikosa kujua juma lijalo uko shifti gani, huwezi kumwahidi mtoto kwamba Jumatano utamwogesha, wala huwezi kumwahidi mama yake kwamba utampeleka kliniki kwa chanjo za wiki ya 6, ya 10 na ya 14, ijapokuwa tarehe hizo zajulikana tangu siku aliyozaliwa.

Kwa hiyo kamati inataka kuingiza maneno haya katika madai ya mapatano ya pamoja yatakayofanywa upya: kwamba orodha ya shifti ibandikwe ukutani siku 14 kabla, kwamba mtu asipangiwe usiku mfululizo zaidi ya juma moja ila kwa hiari yake, na kwamba mzazi wa mtoto aliye chini ya mwaka mmoja asilazimishwe kufanya shifti mbili kwa pamoja. Waajiri watasema jambo hilo ni gumu. Twajua kwamba meli hazina adabu, huja wakati wao. Lakini siku za kufika kwa meli hujulikana mapema kuliko tunavyoambiwa sisi, na aliyeweza kupanga makasha elfu kadhaa kila moja mahali pake hashindwi kupanga watu.

Tunajua pia kwamba dai hili litapunguza ovataimu ya baadhi yenu, na tusingependa mlipitishe bila kujua hivyo. Ndiyo maana tumeomba kura, badala ya kuinua mikono kwa haraka kabla ya chai.

Karatasi ziko mezani kwa katibu. Nyeupe ni ya kura, na ya kijani ni fomu ya ruhusa ya baba, kwa yeyote ambaye mkewe anakaribia kujifungua. Wenye shifti ya saa tisa watangulie mstarini ili wawahi. Na hizo kelele nyuma ya mlango ni watoto wenu. Tuliwaambia wangoje mpaka tumalize, na tumemaliza. Aliye karibu na mlango awafungulie.